Nyuki wa Jebel Ali

Usiku ile droni ilipoanguka kwa mara ya kwanza, hakuna aliyeumia. Iligonga nguzo ya rafu katika kichochoro cha tisa, ikavunjika pangaboi mbili, ikalala sakafuni huku taa yake nyekundu ikipepesa. Wahesabu mali kumi na wawili wa zamu ya usiku waliacha kazi wakaja kuitazama. Mmoja wao, mtu wa Lamu aliyekuwa akitimiza mwaka wa sita katika ghala hilo, alichuchumaa kando yake, akapitisha kiganja juu ya sakafu. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi mpya wiki ile, kijivu inayong'aa, tulivu kama maji ya mkondo alfajiri kabla upepo haujaamka. Akasema kwa Kiswahili, ingawa katika kundi lile mmoja tu ndiye angemwelewa: "Imezama."

Ghala hilo liko Jebel Ali, kusini-magharibi mwa Dubai. Jebel ni jabali. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani. Bandari ilifunguliwa mwaka 1979, eneo huru la biashara likafuata mwaka 1985, na mwaka 2010 uwanja wa ndege wa Al Maktoum ukaanza kupokea ndege za mizigo upande wa bara. Baina ya gati na uwanja huo yamejipanga maghala yasiyo na madirisha, marefu kuliko mtaa mzima wa mji wa kale wa Lamu. Babu yake mtu huyu aliifahamu Dubai kabla ya yote hayo. Alifika kwa jahazi, kwa upepo wa kusi, na shehena ya boriti za mikoko. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti hizo, na upana wa vyumba vyake, kama ule wa vyumba vya Lamu, uliamuliwa na urefu wa mti wa mkoko. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi. Mjukuu alikuja kwa ndege, kwa mkataba wa miaka miwili ambao ameutia saini mara tatu.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu. Kila usiku alipanda ndani ya kizimba cha chuma kilichoinuliwa kwa foklifti, akasoma vibandiko vya paleti rafu baada ya rafu, hadi chini ya bati la paa ambako joto la mchana hukaa mpaka usiku wa manane. Nafasi baina ya rafu na rafu aliziita vichochoro, na wenzake wa Uganda na Nepal, wasiojua neno hilo lilikotoka, nao wakaziita hivyo. Ghala lina vichochoro kumi na vinne. Kuvimaliza vyote kulichukua watu kumi na wawili siku tisa, na walipomaliza cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimekwisha kubadilika.

Droni zililetwa kwa ajili ya hesabu hiyo. Ni chombo kisichozidi upana wa sinia, chenye pangaboi nne, kamera ya kusomea vibandiko, na kamera nyingine ndogo tatu ambazo hazisomi chochote: moja hutazama chini, mbili hutazama ubavuni. Fundi aliyekuja nazo, kijana wa Kerala, aliwaeleza kwamba hizo tatu ndizo rubani. Ndege ya nje hujiongoza kwa mawimbi ya setilaiti, lakini mawimbi hayo ni dhaifu mno na bati la ghala huyakata. Hata nje hayaaminiki kila wakati. Juni 2025, Israeli na Iran zilipopigana, mamia ya meli karibu na mlango wa Hormuz zilionekana kwenye vioo vya ramani mahali ambapo hazikuwapo, kwa sababu mawimbi yalikuwa yamevurugwa. Chombo kinachotaka kupita ndani ya kichochoro cha mita tatu bila kugusa rafu hakina budi kuwa na macho yake.

Macho ya namna gani? Jibu la wahandisi, kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini sasa, limetoka kwa mdudu. Mwaka 1989 Wolfgang Kirchner na Mandyam Srinivasan walichapisha jaribio ambalo mtu yeyote aliyekulia karibu na mizinga angetamani kuliona. Waliwazoesha nyuki kupita ndani ya njia nyembamba yenye kuta mbili zilizochorwa mistari ya kusimama wima. Nyuki walipita katikati sawasawa. Kisha watafiti wakausogeza ukuta mmoja kuelekea kule nyuki walikokuwa wakienda, mistari yake ikaonekana kupita polepole zaidi machoni mwao, nao nyuki wakahamia upande wa ukuta huo. Maana yake ni kwamba nyuki hapimi umbali wa ukuta. Macho yake hayageuki, na yamekaribiana mno kuweza kumpa kipimo hicho kama macho mawili ya binadamu yanavyompa. Anachofanya ni kulinganisha kasi: kilicho karibu hupita haraka, kilicho mbali hupita taratibu. Upande ukienda mbio, huukimbia. Pande mbili zikienda sawa, yuko katikati. Ubongo wake una seli za neva zisizofika milioni moja, na hesabu hiyo haihitaji hata sehemu ndogo yake.

Kutua kwake ni kwa ajabu zaidi, kwa kuwa ni kwa urahisi zaidi. Srinivasan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walionyesha mwaka 2000 kwamba nyuki anayeshuka mahali pa bapa hushika jambo moja tu: ardhi ipite chini ya macho yake kwa kasi isiyobadilika. Kadiri anavyokaribia, ardhi ingetaka kupita haraka; ili isipite haraka, hana budi kupunguza mwendo. Anashuka, anapunguza, anashuka, anapunguza. Akifika kugusa, mwendo umekwisha. Hajui yuko juu kiasi gani wala anakwenda kasi gani, na hahitaji kujua. Fundi wa Kerala alipolieleza jambo hili, kwa Kiingereza cha pole na mikono miwili, watu wa zamu walitikisa vichwa kwa adabu. Mtu wa Lamu alikuwa anacheka. Baba yake ana mizinga kumi na sita pembezoni mwa mikoko, ng'ambo ya kisiwa, na tangu utotoni alikuwa ameona nyuki wakishuka mlangoni mwa mzinga na jua la jioni nyuma yao, bila hata mmoja kujigonga, asijue kwamba kulikuwa na kitu cha kuuliza.

Lugha yenyewe ilikuwa imelikaribia swali hilo bila kuliuliza. Rubani, kabla ya kuwa mwendesha ndege, alikuwa mjuzi wa njia ya bahari, mtu aliyepandishwa chomboni kwa sababu anajua mwamba uko wapi na mkondo unakwenda wapi. Alikuwa akitazama pwani inavyopita: mnazi wa mbele ukiuacha mlima wa nyuma, minara miwili ikifungana kuwa mmoja, ndipo geuza. Hakuwa mbali sana na nyuki. James Gibson, mwanasaikolojia Mmarekani aliyewachunguza marubani wa vita, aliandika mwaka 1950 kwamba rubani anayetua huongozwa na namna uwanja mzima unavyotiririka machoni mwake, ukifunguka kutoka nukta moja isiyosogea, na nukta hiyo ndiyo atakapogusa. Leo tunaiita droni ndege isiyo na rubani. Jina hilo ni sahihi kwa maana ya mshahara tu. Rubani yumo, amepunguzwa mpaka amebaki jicho.

Wazanzibari wameyaona hayo kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipopigwa picha kutoka angani kwa ajili ya ramani mpya, vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walizirusha kwa mikono ndege nyepesi zilizopewa na watengenezaji wake jina la eBee, yaani nyuki. Zilifuata setilaiti, kwa kuwa mbingu ya Unguja iko wazi. Lakini mmoja wa waanzilishi wa kampuni iliyoziunda, Jean-Christophe Zufferey, alikuwa ameanza kwa kurusha ndani ya chumba, huko Lausanne, ndege ya gramu kumi iliyoepuka kuta kwa kuiga macho ya nzi. Haidhuru. Ndege zile za Zanzibar zilichora ramani, na wenyeji wengine walizipungia mkono.

Droni ya kwanza ikatengenezwa, na baada ya siku mbili ikaanguka ya pili, katika kichochoro kilekile. Fundi alibadilisha kamera, akabadilisha programu. Msimamizi, mtu nadhifu, aliamini kwamba chombo kimekosa mwongozo, akaagiza ipigwe mistari miwili ya manjano kutoka mwanzo wa kichochoro hadi mwisho wake, mirefu na iliyonyooka. Droni ikaingia baina ya mistari hiyo kwa uzuri, ikaongeza mwendo, ikaendelea kuongeza, ikagonga ukuta wa mwisho.

Ndipo mtu wa Lamu alipoulizwa alikusudia nini kwa neno lake la usiku ule, na aliyemuuliza ni fundi, aliyekuwa amelikariri bila kulielewa. Akamweleza habari ya baba yake. Asubuhi za maji mafu, mkondo unapokuwa kioo, nyuki wanaovuka kwenda maua ya ng'ambo huonekana wakielea wamekufa. Siku za upepo, maji yenye vikunjo, huonekana mmoja au hakuna. Mzee hakuwahi kutafuta sababu. Yeye alihamisha mizinga tu, ili nyuki wasilazimike kuvuka. "Hawayaoni maji," alikuwa akisema. "Wanadhani bado wako juu."

Fundi alinyamaza kidogo, kisha akaandika kitu kwenye simu yake, na baada ya dakika chache akasoma kwa sauti kwamba H. Heran na Martin Lindauer walikuwa wamechapisha jambo hilohilo mwaka 1963: nyuki waliozoeshwa kuvuka ziwa walipoteza kimo na kutumbukia maji yalipokuwa shwari kabisa, kwa kuwa juu ya maji shwari hakuna kinachopita machoni. Jicho linalojua kasi tu halina la kusema mbele ya kitu kisicho na alama. Sakafu mpya ilikuwa maji mafu. Na mistari ya msimamizi, kwa vile ilikwenda sambamba na mwendo, haikuwa alama hata kidogo: mstari mrefu ukiutazama huku unaufuata, haubadiliki, unaweza kwenda kama mshale, nao ukakwambia umesimama.

Isidhaniwe kwamba kosa hili ni la maghala ya watu wenye haraka. Helikopta ndogo ya Ingenuity, iliyoruka katika sayari ya Mirihi kuanzia Aprili 2021, nayo ilijiongoza kwa kamera inayotazama chini, kwa sababu huko hakuna setilaiti za kuongoza safari. Ilipangiwa safari tano, ikaruka 72. Ya mwisho, Januari 2024, ilipita juu ya mawimbi ya mchanga yasiyo na mawe wala alama, na uchunguzi uliotangazwa Desemba mwaka huo ulisema kwamba hilo ndilo linaloelekea kuwa chanzo: kamera haikupata cha kushika, chombo hakikujua mwendo wake, kikatua vibaya na kuvunjika pangaboi. Wanasayansi wa ngazi ile wakapotezewa chombo na uwanja mtupu wa mchanga. Mtu wa Lamu aliisoma habari hiyo kwenye simu, bwenini, akairudia mara mbili. Nje ya dirisha lake mna mchanga pia.

Dawa aliitoa yeye. Aliomba utepe mweusi, akaukata vipande vya urefu mbalimbali, akavibandika sakafuni ovyo, hiki kimelala, hiki kimesimama, hapa viwili karibu, pale hakuna kwa hatua mbili. Msimamizi alipotaka vipangwe sawa kama vigae, fundi ndiye aliyekataa: alama zinazojirudia kwa mpango mmoja hulichanganya jicho, kwani kila kigae hufanana na jirani yake. Ovyo ndiyo iliyotakiwa. Droni ikapita kichochoro cha tisa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikasimama mbele ya kila paleti, ikasoma, ikarudi kwenye kituo chake cha umeme. Ilirudia mara thelathini usiku ule bila kugusa kitu.

Watu wawili waliona mara moja maana ya jambo hilo. Mmoja alikuwa msimamizi. Wa pili alikuwa Mganda aliyelala kitanda cha juu yake bwenini, ndiye yule mmoja aliyeelewa Kiswahili, aliyekuwa akilipia ada ya wadogo zake watatu. Walipokuwa kwenye basi la alfajiri alimwuliza, bila hasira, "Kaka, hukuweza kunyamaza?"

Swali hilo halikuwa na jibu zuri, na yeye hakujaribu kulitafuta. Angeweza kujitetea kwamba fundi angegundua mwenyewe. Ni kweli, pengine katika wiki moja, pengine mbili. Angeweza kusema kwamba kupanda kizimba cha chuma usiku wa Agosti si kazi ya kumwombea mtu. Hayo yote ni kweli, na mkate wa mtu haukatwi kwa ukweli wa namna hiyo. Lakini alipochuchumaa juu ya sakafu ile hakuwa mfanyakazi wala mpinzani wa mashine. Alikuwa ameona kitu alichokijua. Katika miaka sita hakuna aliyewahi kumwuliza jambo ambalo baba yake alimfundisha, na jambo hilo lilipoulizwa kwa mara ya kwanza, lilitoka lenyewe.

Alimtumia baba yake video: droni inaondoka kituoni, inapita katikati, inarudi. Mzee hajui kuandika katika simu, hurekodi sauti. Alianza kwa kuuliza afya, akaeleza mvua, akataja mzinga mmoja uliohamwa. Kisha: "Nimemwona nyuki wako, mwanangu. Anapita vizuri. Na mlangoni anashuka vizuri, mashallah. Lakini nieleze jambo moja. Akirudi mzingani, analeta nini?" Mwana alijibu kwamba huleta hesabu. Mzee akakaa siku nzima, ndipo akatuma sauti nyingine, fupi: "Na hiyo asali anarina nani?"

Katika Kiswahili mzinga ni nyumba ya nyuki, na mzinga ni silaha ya kupigia ngome. Wanaofundisha lugha hupenda kuwafurahisha wanafunzi kwa jozi hiyo. Hapa inafaa kukumbuka tu kwamba macho haya ya mdudu hayatengenezwi kwa ajili ya maghala peke yake. Chombo kinachojiongoza bila setilaiti kinatakiwa pia na wale wanaopenda kisiweze kuvurugwa wakati kimebeba kitu kibaya zaidi ya kamera. Mzee hakulisema hilo. Alikuwa anauliza asali.

Kufikia mwisho wa mwaka vichochoro vyote kumi na vinne vilikuwa na vipande vya utepe. Wahesabu kumi na wawili wakabaki watatu. Mtu wa Lamu ni mmoja wao, na karatasi yake mpya inamwita mwangalizi, kwa nyongeza ya dirhamu mia mbili. Mganda alirudi kwao na begi moja na televisheni, na walikumbatiana uwanjani kama ndugu, jambo ambalo mtu wa Lamu hakulitarajia na ambalo linamuumiza kuliko kama yule mwenzake angemnyima mkono. Kitanda cha juu hakijapata mtu.

Kazi yake sasa ni kubadilisha vipande vilivyobanduka. Amekatazwa kusimama ndani ya kichochoro droni inapopita, na kwa kawaida hutii. Usiku mmoja hakutii. Alisimama ubavuni mwa rafu ya kushoto, mgongo ukigusa paleti, akangoja. Ilikuja kwa mvumo wake, katikati kabisa. Ilipomkaribia, upande wa kushoto ulianza kupita haraka zaidi machoni mwake, ikasogea kulia kiasi cha kiganja, ikampita, ikarudi katikati. Alipotazama rekodi baadaye hapakuwa na chochote kilichoandikwa kwa dakika ile. Aliokota kipande cha utepe kilichokuwa kimeinuka pembe kwa upepo wa pangaboi, akakibandika tena, upande mwingine.